Dakika Mbili Nilizozikata

Mlionisoma wiki iliyopita mnajua mliniacha wapi: nimesimama nyuma ya kiti cha afande, sinia la chai mkononi, na Meneja ndiyo kwanza anafungua kinywa. Kwa ambaye gazeti lilimpita, nitarudi nyuma hatua chache tu, kisha twende. Ya leo ni mengi.

Mimi ni msichana wa chumba cha mashine katika ukumbi wa sinema. Filamu zetu ni zile za mikanda mirefu iliyoviringishwa kwenye magurudumu ya chuma tunayoyaita rili. Filamu moja, rili kumi na mbili. Mashine ni mbili: hii ikimaliza rili yake, ile inapokea. Kazi hiyo nilifundishwa na Mjomba, kaka wa marehemu mama yangu, aliyenichukua nilipomaliza darasa la saba. La nane hakuna aliyeliuliza. Kwa kuwa sisemi sana, ukumbi mzima uliniita Kimya.

Meneja ni mpwa wa marehemu mwenye ukumbi. Mzee yule kabla ya kufa aliandika na kutia sahihi: ukumbi usiuzwe wala kugeuzwa ghala maadamu mtu wa mashine yu hai. Mtu wa mashine ni Mjomba. Meneja alikuwa akimtania mbele za watu, "Hujambo, kufuli la nyumba?" Tukicheka wote.

Jumamosi moja ya mvua tulionyesha filamu ya zamani ya Kihindi, ile ya mashaka, ya mwanamke mwenye shela. Rili ya tisa ilipoanza kuzunguka, Mjomba alitoka nje kupunga hewa. Akaanguka kwenye ngazi za chuma, kutoka juu mpaka chini. Hakufa. Ila ulimi haufanyi kazi, na katika mwili mzima umebaki mkono wa kushoto na macho.

Meneja akamchukua nyumbani kwake, ng'ambo ya barabara, akamlaza chumba chenye dirisha linalotazama ukumbi. Kila alasiri mama yake Meneja humfungulia pazia ili aone ukuta wa kazi yake. Na mimi nikachukuliwa, nikapewa godoro jikoni. Watu wakasema: huyu mtu ni mwema. Nami nilisema hivyo hivyo.

Mpaka Ijumaa ile ya chai.

Afande wa polisi alikuja nyumbani kwa Meneja kufunga jalada la ajali ya Mjomba. Alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye kitambi na kalamu inayovuja.

"Kwa kumalizia tu, Meneja," alisema. "Ulisikia kishindo ukiwa wapi?"

"Ukumbini, afande. Safu ya kati, kiti changu cha siku zote. Tangu mwanzo sikunyanyuka."

"Filamu ilikuwa imefika wapi?"

Meneja akatabasamu kama mtu aliyeulizwa jina la mwanawe. "Pale penyewe! Mwanamke yuko mbele ya kioo, anafunua shela. Kumbe ni yule yule mke waliyesema kazama mtoni! Na nyuma yake, ndani ya kioo, mume kasimama na ufunguo mkononi. Nywele zimenisimama. Ndipo nikasikia puu! nje. Nikakimbia."

"Huyu na sinema!" mama yake akadakia. Macho yake yana ukungu, lakini ulimi hauna. "Alipokuwa mdogo hivi, nikimtuma dukani ananirudia na hadithi nzima, sabuni kasahau."

Wakacheka. Afande naye akacheka, akaandika.

Mimi nilidondosha kikombe.

Sasa niungame. Hii ni wiki ya nne mnanisoma na sijawahi kuwaambia. Hata Mjomba sikumwambia. Mficha uchi hazai, basi acha nizae leo.

Asubuhi ya Jumamosi ile ya mvua, Mjomba akiwa bado hajafika, niliitoa rili ya tisa kwenye kopo lake na mikono yangu ina maji. Ikaniponyoka. Mkanda ukamwagika sakafuni kama utumbo, ukaingia chini ya mguu wa meza, nami kwa pupa nikauvuta. Matundu ya pembeni, yale yanayoshikwa na meno ya mashine, yakachanika hapa na pale. Na mkanda uliochanika matundu haupiti. Unakwama, na ukikwama mbele ya taa unaungua.

Nikachukua mkasi. Nikakata kuanzia mchaniko wa kwanza mpaka wa mwisho, dakika mbili nzima, nikaunganisha ncha zilizobaki. Kipande nilikiviringisha, nikakitia kwenye kopo la biskuti chini ya meza. Nilijiambia nitaziba matundu yake kidogo kidogo, nikirudishe mahali pake kabla wenye filamu hawajaidai.

Nani angejua? Mvua ilikuwa ya kuvunja mapaa. Ukumbini walikaa watu kumi na tisa, vijana watupu, hakuna aliyewahi kuiona filamu ile. Mwanamke aliingia chumbani na shela lake, mara wakamwona yumo garini uso wazi. Wakapiga miluzi miwili mitatu, yakaisha. Mjomba alikuwa ameshatoka nje.

Mnaona sasa? Kioo alichokisimulia Meneja kilikuwa ndani ya dakika zile mbili. Jumamosi ile hakuna kiumbe ukumbini aliyekiona. Meneja alikuwa anasimulia filamu ya ujana wake. Na kama rili ya tisa ikizunguka yeye hakuwa kwenye kiti, alikuwa wapi?

"Kimya," Meneja aliniuliza, "umeungua?"

"Hapana."

"Mbona unatetemeka?"

"Kikombe kilikuwa cha moto."

Alikitazama kikombe. Vipande vilikuwa vikavu. Nilikuwa bado sijamimina.

Afande hakuona. Alikuwa anafuta wino kwenye kidole. "Ile filamu niliwahi kuiona na marehemu baba," alisema. "Sikumbuki mwisho wake. Hivi bado iko ukumbini?"

"Iko," Meneja alijibu. "Tangu ajali hatujafungua, lakini iko."

"Basi kesho Jumamosi fungua. Nitakuja na saa yangu. Nipime tangu mwanzo mpaka pale kwenye kioo ni dakika ngapi, niijue saa ya ajali, niandike, nifunge jalada." Akashusha sauti. "Na nimmalizie marehemu baba deni lake, maana tulitoka kabla haijaisha. Aliumwa tumbo."

"Karibu, afande. Kiti chako nitakiweka karibu na changu."

Nilimfuata afande hadi mlangoni. Nilikuwa na neno moja tu la kumwambia, nalo lilikuwa limefika kwenye meno. Mkono ukanishika kiwiko kwa nyuma, taratibu, kama unavyomshika mtoto asivuke barabara.

"Mwache mgeni aende zake," Meneja alisema.

Niliamua nitangoja kuche, nichukue kopo langu la biskuti na kulipeleka kituoni mwenyewe, mkono kwa mkono. Kosa langu ndilo hilo, wasomaji wangu. Mtu mvumilivu naye huvumilia hata pasipostahili.

Asubuhi nilipanda ngazi za chuma. Ni kumi na nne, na ya tano kutoka juu imelegea. Ukiikanyaga inalia ngaa. Nilifungua mlango.

Meneja alikuwa amekaa kwenye stuli ya Mjomba. Kopo la biskuti lilikuwa mapajani mwake.

"Nilijiuliza usiku kucha," alisema, "mtu mtulivu kama wewe anavunjaje kikombe kitupu? Nikajiuliza nilisema nini. Nikakumbuka. Kisha nikaja kuitazama rili ya tisa." Alivuta ncha ya kipande, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. "Huyu hapa mama na kioo chake. Mzuri, sivyo? Nilimpenda nikiwa na miaka kumi na miwili."

Nilibaki mlangoni, nimeshika kitasa.

"Umemwambia nani?"

"Hakuna."

"Nakuamini. Wewe hujawahi kumwambia mtu lolote."

Nikamuuliza. Sijui sauti niliitoa wapi. "Ulimsukuma?"

Hakukasirika. Alikuwa anaviringisha mkanda. "Nilimwomba astaafu. Nilimwomba kwa adabu, mara ya kwanza, mara ya pili. Mtu mzima kang'ang'ania mashine kama mtoto na titi la mama! Siku ile nilipanda kumwomba mara ya tatu." Akafunga kopo. "Ngazi zina utelezi mvua ikinyesha."

"Nitasema."

"Utasema nini? Kwamba uliharibu filamu ya watu ukaificha? Utafungwa wewe kabla yangu." Akacheka kidogo. "Ningeweza kukichoma hiki. Lakini kukichoma hakunisaidii; pengo litabaki, na afande anakuja na saa yake. Kwa hiyo utakirudisha. Kioo kikiwemo leo, kilikuwemo na siku ile. Nani atabisha?"

"Matundu hayajazibwa yote."

"Yazibe."

"Ni mengi."

"Onyesho ni saa tisa. Una asubuhi nzima."

Nikatikisa kichwa. Ndipo aliposogea karibu, akaongea kama anayenong'ona siri njema.

"Sikiliza, binti. Vidonge vya Mjomba wako navitoa mimi kwenye chupa, namwekea Mama kwenye kisosi. Macho ya Mama unayajua. Akikuta kimoja, anampa kimoja. Akikuta kumi, anampa kumi, na maji juu, na pole mwanangu. Umenielewa?"

Nilimwelewa. Mpaka leo nikiona kisosi mwili unanisisimka.

Alitoka na kufunga kwa nje. Nikasikia kufuli likibana, kisha ngazi ya tano ikalia.

Chumba cha mashine ni boksi. Mlango umegongelewa magodoro ndani ili ngurumo za mashine zisitoke. Tundu la kutazamia ukumbi lina kioo kinene. Ukuta wa nyuma una kitundu cha hewa, juu, chenye feni. Nilipanda juu ya kreti nikapiga kelele kupitia pale mpaka koo likakwaruza. Barabarani watu walipita na shughuli zao. Mmoja alisimama, akafunga kamba ya kiatu, akaenda.

Ng'ambo nililiona dirisha la Mjomba. Pazia lilikuwa bado limefungwa.

Nikashuka, nikakaa, nikaanza kuziba matundu. Ni kazi ya kukata utepe mwembamba, kuulaza, kuutoboa tundu moja moja kwa sindano. Mjomba alikuwa akisema kazi hii haitaki akili, inataka makalio. Mikono ikaenda yenyewe. Mwanamke akapita chini ya vidole vyangu, picha moja baada ya nyingine: shela, shela, shela, kidole, shavu, kioo.

Nilipofika kwenye mume mwenye ufunguo, sindano iliteleza. Ikamkwaruza usoni.

Nikauinua mkanda kwenye mwanga. Mkwaruzo ulikuwa mstari mweupe, safi kama chaki.

Nikaketi. Nikautazama mkanda muda mrefu.

Mimi mwandiko wangu ulisifiwa shuleni, ndicho kitu pekee nilichowahi kusifiwa. Kila kipicha ni kidogo kama stempu, na sekunde moja ya filamu hula vipicha ishirini na vinne. Neno likisomwa kwa sekunde mbili, linataka kuandikwa karibu mara hamsini, pale pale, ukubwa ule ule. Mafungu matatu ya maneno, mara mia na hamsini.

Niliwaza kisosi. Niliwaza pia kitu ambacho Meneja hakukisema: leo jalada likifungwa, vidonge kumi vitafuata hata nikinyamaza. Kufuli la nyumba lazima litoke. Mjomba alikuwa hai kwa sababu afande alikuwa bado na maswali. Swali likiisha, naye ameisha.

Nikaanza kuandika.

JUMAMOSI ILE. Mara hamsini. KIOO HIKI. Mara hamsini. HAKIKUWEPO. Neno hili la mwisho nililaani urefu wake. Vidole vilikufa ganzi, jicho la kulia likawa linatoa machozi lenyewe. Nilipounganisha kipande kwenye rili ya tisa, gundi ilikuwa haijakauka nikasikia ngazi ikilia ngaa.

Meneja aliingia na mkate na maziwa. "Kula. Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Nione."

Alivuta mkanda kutoka kwenye rili, mkono kwa mkono, akiinua kwenye dirisha. Aliikuta sehemu nilipounganisha, akapitisha ukucha juu yake. "Safi. Una mkono wa Mjomba wako." Akaendelea. Shela. Shela. Kila alipovuta, nilihesabu. Maneno yangu yalianza baada ya nusu. Akavuta kidole. Akavuta shavu. Akavuta kioo.

Ilibaki mivuto miwili ayafikie. Mkate uligeuka karatasi kinywani mwangu.

"Mbona hapa kuna utepe mwingi hivi?"

"Palichanika sana."

"Utaonekana?"

"Pembeni tu. Macho yanafuata uso wake."

Akavuta tena. Ulibaki mmoja.

"Meneja!" sauti ikaita chini. "Nimewahi ama nimechelewa? Nimekuja na saa mbili kabisa, hii na ya mke wangu!"

Meneja akauachia mkanda. "Nakuja, afande!" Akanigeukia, tabasamu la mgeni limeshamkaa usoni. "Ukifanya upuuzi wowote, sipandi huku juu kwako. Sina haja na wewe. Umesikia? Navuka barabara tu."

Nilisikia. Ila nilidhani ni maneno ya kunitisha. Niliamini hasira za mtu humpeleka kwa aliyemkasirisha.

Kufuli likabana.

Saa tisa ukumbi ulikuwa na watu wapata arobaini. Habari ya kufunguliwa ilikuwa imeenea. Kupitia kioo changu niliviona vichwa viwili safu ya kati, kimoja cha Meneja, kingine cha afande kikielemea mbele kama cha mtoto. Niliwasha mashine ya kwanza. Rili ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nilikuwa peke yangu na mashine mbili, napakua huku, napakia kule, jasho linaingia machoni. Kati ya rili nilikokota makreti ya mikanda na kuyabana mlangoni, isipokuwa lile la chini ya kitundu cha hewa. Nilijua atakuja. Nilitaka makreti yanipe muda wa kupiga kelele.

Rili ya nane ikaisha. Nikaiachia ya tisa.

Mwanamke aliingia chumbani. Ukumbi ukanyamaza. Akasogea mbele ya kioo, kidole kikashika pindo la shela. Afande aliinua mkono wenye saa.

Shela likafunuka. Watu wakavuta pumzi. Nyuma yake mume akatokea na ufunguo, na juu ya kifua chake yakaanza kuchezacheza maandishi meupe, yanarukaruka kama viroboto, lakini yanasomeka.

JUMAMOSI ILE.

KIOO HIKI.

HAKIKUWEPO.

Kisha ukumbi mzima ukaangua kicheko.

"Ehee! Mhindi kajifunza Kiswahili!" mtu alipaza sauti.

"Kioo hakikuwepo, kimekopwa kwa jirani!"

Wakapiga makofi. Na afande, jamani, afande alikuwa anacheka nao, kitambi kinatikisika. Alidhani ni ya filamu. Nilikuwa nimeandika mara mia na hamsini, na mtu niliyemwandikia alikuwa anapiga makofi.

Ukumbini asiyecheka alikuwa mmoja. Meneja aligeuza shingo polepole, akatazama juu, moja kwa moja kwenye tundu langu. Hakuweza kuniona gizani. Lakini alinitazama.

Akamwinamia afande, akamnong'oneza kitu. Afande akaitikia bila kuondoa macho kwenye picha. Meneja akainuka, akatoka.

Nikaruka kwenye makreti, nikaegemeza mgongo, miguu nimeikaza sakafuni. Nikangoja ngazi.

Ngazi haikulia.

Nikahesabu mpaka thelathini. Ngazi haikulia. Ndipo maneno yake yakanirudia moja moja, na mara hii niliyasikia sawasawa. Sina haja na wewe. Navuka barabara tu.

Nilipanda kreti mpaka kwenye kitundu cha hewa. Meneja alikuwa amesimama ukingoni mwa barabara, anangoja magari yapite. Hakuwa na haraka. Alirekebisha kola ya shati. Ng'ambo, pazia la Mjomba lilikuwa limefunguliwa, na nyuma ya kioo niliuona mkono wake wa kushoto, umelala kwenye ukingo wa dirisha.

Nikapiga kelele. Feni ikazila zote.

Gari la mwisho likapita. Meneja akavuka.

Mambo mengi alinifundisha Mjomba, lakini moja alinifundisha kwa kofi: usisimamishe mkanda mbele ya taa iliyowaka, hata kwa pumzi moja. Nikashuka kwenye kreti. Nikashika mpini wa mashine. Nikasimamisha mkanda, taa nikaiacha.

Kwenye skrini uso wa mwanamke uliganda. Katikati ya paji lake likatokea doa la kahawia, likafura, likapasuka, likamla mpaka kidevuni. Kisha ikabaki nyeupe tupu, na harufu ya kuungua chumba kizima.

"Mashine! Mashine!" ukumbi ukapiga kelele, miluzi, miguu ikigonga sakafu. "Amkeni huko juu!"

Kichwa cha afande kikageuka. Kikakitazama kiti kilichokuwa wazi pembeni yake. Kikatazama juu.

Nikaanza kuyaondoa makreti niliyoyakokota mwenyewe. Hatua zikapanda ngazi, nzito, zinapumzika. Ngazi ya tano ikalia ngaa. Nikalala kifudifudi, mdomo kwenye mwanya wa chini ya mlango, mahali pekee ambapo magodoro hayafiki.

"We binti!" afande alikuwa anahema. "Unaunguza nyumba? Fungua!"

"Nimefungiwa, afande. Ufunguo anao Meneja."

"Amekwenda kuniulizia chai. Kwa nini akufungie?"

"Afande, yale maneno siyo ya filamu. Ni yangu. Niliyaandika mimi kwa sindano."

Akalitikisa kufuli kwa nje.

"Jumamosi ile pale kwenye kioo palikatwa. Nilikata mimi. Niliharibu mkanda nikaogopa, nikaficha. Watu kumi na tisa walikaa humo, waulize mmoja mmoja, hakuna aliyeona kioo. Yeye kakuambia alikiona. Uliandika kwa mkono wako."

Nilimsikia akipumua. Kalamu yake ikadondoka kwenye chuma, ikaviringika, ikaanguka chini mbali.

"Kwa nini hukusema jana?"

"Nilikuwa naogopa kufukuzwa kazi." Nilisikia aibu ya jibu hilo likitoka. "Nifunge, afande. Lakini niache hapa hapa kwanza. Usivunje mlango. Vuka barabara. Yuko kwa Mjomba, na mwenye kugawa vidonge ni yeye."

"Binti, hayo unayoyasema ni mazito. Usije ukawa unaokoa ngozi yako kwa jina la mtu."

"Vuka barabara, afande. Nakuomba kama baba yangu. Ukikuta naongopa, rudi unifunge mara mbili."

Hatua zikaanza kushuka.

Nikainuka, nikapanda kreti, jicho kwenye kitundu. Masikio yangu yalikuwa kwenye ngazi. Moja. Mbili. Tatu. Nne.

Ya tano ikalia ngaa, kisha hakukuwa na hatua tena. Alikuwa amesimama kwenye ngazi zile zile alizoanguka Mjomba. Sikujua anafikiri, anaitazama ile ngazi iliyolegea, au anageuka arudi kwangu.

"Shuka," nilisema, na hakuna aliyenisikia. "Shuka, baba. Shuka."

Ng'ambo ya barabara, ule mkono wa kushoto uliinuka, ukagonga kioo cha dirisha mara moja.

Kisha mkono mwingine ukatokea nyuma yake, wenye shati safi, ukashika pazia na kulifunga.